Mbao Mbichi Hukaukia Nyumbani kwa Mteja

Mlango wa saiprasi uliotengenezwa Kakamega mwezi wa Mei, mvua ndefu zikiwa zimepamba moto, hukaa kwenye fremu yake bila shida. Bawaba hazilii, kitasa kinaingia, mwenye nyumba anamlipa fundi salio lake na kushukuru. Januari ikifika, baada ya wiki kadhaa za jua, mwanga wa nje unapenya kati ya ubao na ubao. Paneli ya kati imepasuka kutoka juu hadi usawa wa kitasa, na ulimi wa kitasa haufiki tena kwenye tundu lake. Hapo fundi hulaumiwa, au mti wenyewe hulaumiwa, na utasikia watu wakisema kwamba saiprasi ya siku hizi haina maana. Lakini mti haukukosa lolote. Ulipigwa randa kabla haujakauka, ukaja kumalizia kukauka ukiwa umeshakuwa mlango.

Hakuna anayeweza kuuzuia ubao usikauke. Tunachoweza kuamua ni utakaukia wapi na gharama ya kukauka kwake ataibeba nani. Katika kaunti ya Kakamega, kuanzia Lurambi hadi Khayega, Malava hadi Mumias, mbao nyingi hukaukia nyumbani kwa mteja, ndani ya kitanda, kabati au mlango alioulipia. Kwa kawaida husemwa kwamba chanzo ni mvua, au kwamba mafundi hawajui kazi. Mvua imo, lakini haina lawama kubwa kiasi hicho. Nayo kauli ya kwamba mafundi hawajui naikataa kabisa. Tatizo limejificha katika jinsi pesa inavyotembea kutoka kwa mwenye mti hadi kwa mwenye nyumba.

Kwanza tuelewane kuhusu maji yenyewe. Unyevu wa mbao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji yaliyomo na uzito wa mti ukiwa mkavu kabisa. Ndiyo maana mti uliokatwa leo unaweza kuwa na unyevu wa asilimia 100 au zaidi. Chukua ubao wa futi 12, upana inchi 12, unene inchi 1. Huo ni futi moja ya ujazo, yaani lita 28 hivi. Ukiwa wa mkaratusi wenye kilo 500 za mti mkavu katika kila mita ya ujazo, na unyevu wa asilimia 100, ubao huo mmoja una kilo 14 za mti na kilo 14 za maji. Kuufikisha asilimia 15 ni kuutoa lita 12 za maji. Mita nzima ya ujazo itatoa lita 425, ambazo ni zaidi ya mitungi 21 ya lita ishirini ishirini. Mwenye lori anayebeba mbao zilizopasuliwa jana anachoma dizeli kubeba maji.

Maji hayo hayatoki kwa namna moja. Yale yaliyojaa katika matundu ya mti hutoka mapema na kwa urahisi, na wakati huo ubao unapungua uzito tu, vipimo vyake vikibaki vile vile. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30, matundu huwa yamekwisha maji na yaliyobaki ni yale yaliyoshikana na kuta za nyuzi za mti. Kuanzia hapo kila asilimia inayotoka inaufanya ubao unywee. Tena haunywei sawa pande zote. Kwa urefu haupungui kitu cha kuhesabika, lakini kufuata mzingo wa pete za mti hunywea takriban maradufu ya vile unavyonywea kutoka kiini kwenda kwenye ganda. Hapo ndipo hutoka mbao zilizojikunja na zilizojisokota, na ndipo hutoka ufa unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye kiini cha mti. Ubao wa inchi 12 unaonywea asilimia 3.5 tu kwa upana hupoteza sentimita moja. Sentimita moja katika mlango ni ufa ambao mtoto anaweza kupitisha kidole.

Na kukauka kuna mwisho. Mbao hufikia mahali ikalingana na hewa iliyoizunguka, ikawa haitoi maji wala haivuti. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 65 huifikisha mbao kwenye asilimia 12 hivi. Hewa ya asilimia 80 huiacha kwenye 16, na hewa kavu ya asilimia 40 huishusha hadi kati ya 7 na 8. Kwa hiyo mtu akisema mbao hii ni kavu, ni haki kumuuliza: kavu ya wapi? Mbao ya asilimia 15 ni kavu ya kutosha kwa kiti kitakachokaa Shinyalu. Kiti hicho hicho kikipelekwa Lodwar, au katika ofisi ya Nairobi yenye viyoyozi, kitaendelea kunywea hadi miguu ianze kucheza kwenye matundu yake. Nimeona mjadala mwingi wa ubora wa samani ukienda mrama kwa sababu ya kulisahau swali hili dogo. Fundi wa Kakamega anayeuza kwao anahitaji ukavu mmoja, na anayetaka soko la Nairobi anahitaji mwingine, ambao hewa ya Kakamega haiwezi kumpa bila msaada wa joto.

Hewa hiyo ina tabia zake. Mji wa Kakamega uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kilomita kama 30 hivi kaskazini mwa mstari wa ikweta unaopita Maseno. Mvua yake kwa mwaka inakaribia milimita 2,000, na eneo hili linajulikana kwa radi na mvua ya mawe. Katika miezi mingi asubuhi huwa na jua kali, kisha alasiri mawingu yanajikusanya na mvua inanyesha. Kwa mbao iliyoachwa wazi huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote. Asubuhi jua linakausha ngozi ya juu upesi huku ndani bado ni maji. Ngozi inataka kunywea, moyo wa ubao unakataa, na nyufa ndogondogo zinafunguka. Alasiri nyufa hizo zinanywa maji ya mvua, na kesho yake mambo yanaanza upya. Ukungu wa buluu nao unaipenda hali hiyo, hasa katika paini. Lakini Kakamega ina dirisha lake zuri, kutoka katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari, ambapo mbao za saiprasi za inchi moja zilizopangwa sawasawa chini ya paa zinaweza kufika mahali pa kufaa kwa kazi za hapa hapa kabla ya mvua za Machi. Asemaye kwamba hali ya hewa hairuhusu hajalihesabu dirisha hilo.

Kuna pia suala la miti gani inafika kwa fundi. Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa msitu unaolindwa mwaka wa 1933, wakati homa ya dhahabu ikiwa imelikumba eneo hili na migodi ikihitaji magogo ya kuegemeza mashimo. Miti mikubwa ya asili, ambayo wazee wa useremala huikumbuka kwa majina, sasa inalindwa, na ni haki ilindwe, kwa kuwa huo ndio msitu pekee wa namna yake uliosalia Kenya, jamaa wa misitu ya Kongo. Fundi wa leo anategemea miti ya mashambani: saiprasi, paini, grevilea, lusiola na, zaidi ya yote, mkaratusi. Lusiola ni rafiki wa fundi, haisumbui sana ikikauka na mchwa huiogopa. Saiprasi inasamehe makosa mengi. Mkaratusi hausamehe.

Mkaratusi unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndio mti ulioenea kuliko mingine kwenye mipaka ya mashamba na kando ya mito, na ndio uliochafuliwa jina zaidi. Unakua upesi, na ukuaji huo unaujaza mkazo ndani ya shina: nje inavuta, ndani inasukuma. Ukiangushwa, mkazo unafunguka na ncha ya gogo inapasuka nyota mbele ya macho yako, hata kabla msumeno haujaugusa tena. Ukipasuliwa mbao, hunywea kwa upana asilimia 7 hadi 10 kabla ya kufika ukavu wa kutumika, kwa hiyo ubao wa inchi 12 unaweza kupoteza karibu inchi nzima. Ukikaushwa haraka, kuta za matundu yake zinabonyea ndani kwa mvuto wa maji yanayotoka, na uso wa ubao unakuwa na mabonde ambayo randa haiyamalizi. Hayo yote ni kweli. Lakini mti huo huo, ukikatwa mkubwa badala ya mchanga, kiini chake cha katikati kikatengwa, ncha zikapakwa rangi nzito au nta siku ile ile, na mbao zikakaa kivulini zikapitiwa na upepo wa pole, hutoa samani ngumu na nzuri ya rangi ya waridi. Afrika Kusini na Brazili zimejenga biashara ya samani kwa mikaratusi. Tofauti yao na sisi ni subira yenye mpango.

Sasa twende kwenye yadi. Mara nyingi mbao zimesimamishwa kando ya barabara, zimeegemezwa kwenye boriti la mlalo ili mpita njia azione. Kwa biashara ni maonyesho mazuri. Kwa mbao ni adhabu. Upande mmoja unapigwa na jua mchana kutwa na mwingine uko kivulini, kwa hiyo ubao unajipinda kuelekea jua. Ncha ya chini imezama katika udongo wa tope, ambako inanyonya maji na kukaribisha mchwa. Ncha ya juu iko wazi, na maji hupita katika ncha ya ubao upesi mara nyingi kuliko katika uso wake, hivyo hukauka kabla ya sehemu nyingine na kupasuka. Ukitaka kuona kwa macho yako, simama mbele ya safu hiyo na utazame zile zilizokaa miezi miwili: zina upinde, vichwa vyao vina nyufa za kidole kizima, na futi ya chini imebadilika rangi. Mwenye yadi anajua. Hizo ndizo anazoziuza kwa bei ya kutupa kwa wajenzi wa mabanda ya kuku.

Kwa nini basi asizipange vizuri? Hapa tunafika kwenye kiini cha mambo. Mbao huuzwa kwa futi na kwa vipimo vya upana na unene, na mteja anaipima kwa mkono wake. Mwenye yadi akinunua ubao mbichi wa inchi 12 akaukausha kwa miezi mitatu, atauza ubao wa inchi 11 na nusu. Mteja ataupima, atasema amepunjwa, na ataenda kwa jirani mwenye inchi 12 kamili, ambazo nusu inchi yake ni maji. Ukavu hauna bei yake sokoni, ilhali maji yana bei ya mbao. Aliyesubiri amelipa kodi ya kiwanja, amelaza mtaji wake, amepoteza mbao kadhaa zilizopasuka, na mwisho ameadhibiwa kwa uaminifu wake. Katika mpangilio wa namna hiyo, kukausha mbao ni kujitia hasara kwa hiari.

Fundi naye amefungwa kwa kamba nyingine. Mafundi wengi wa jua kali hawana akiba ya mbao. Mteja anakuja, anaonyesha picha kwenye simu, wanapatana bei, anatoa malipo ya awali, na hayo malipo ndiyo yanayonunua mbao. Kwa hiyo mbao inanunuliwa siku ambayo kazi inaanza. Kama mteja amesema, "Fundi, Ijumaa nikipate," basi kitanda kitatoka kwenye mti uliokuwa umesimama wiki iliyopita. Fundi anajua fika. Utamwona akigonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akiuweka shavuni kuhisi ubaridi, akitazama maranda yanayotoka kwenye randa yake: ya mbao mbichi hutoka na manyoya, tena yanang'ang'ania kisu cha randa. Ujuzi upo mikononi mwake. Kinachokosekana ni pesa ya kulaza mbao miezi mitatu bila kuigusa, na hiyo hakuna aliyemkopesha.

Hata mwenye mti ana haraka yake. Katika kaunti yenye watu wengi na mashamba madogo, mti mmoja au miwili kwenye mpaka ni benki ya familia. Huuzwa Januari karo ya shule inapotakiwa, au siku yoyote msiba unapotokea. Wenye pawasoo huuangusha na kuupasua pale pale shambani, na ubao haupimwi kwa kifaa chochote zaidi ya uzoefu wa macho, hivyo unene wake hubadilika kutoka ncha moja hadi nyingine. Mbao za unene tofauti, za umri tofauti, za miti tofauti, zikirundikwa pamoja haziwezi kukauka sawa. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Januari ndiyo kilele cha lile dirisha la ukame. Mbao nyingi hukatwa wakati uleule unaofaa kuzikausha, kisha zinauzwa kabla ya dirisha hilo kufungwa.

Si kila kazi inadai mbao kavu, na ni vizuri kuwa wakweli katika hili. Jeneza halihitaji mbao ya asilimia 12. Wala fomu za kumwagia zege, wala jukwaa la sherehe. Kenchi za paa zinaweza kukaukia juu ya nyumba bila madhara makubwa ikiwa zimepigiliwa vizuri. Hata nguzo za umeme za mkaratusi hazitakiwi kuwa kavu kama samani. Zinatakiwa tu zishuke hadi karibu na ile asilimia 30 au chini kidogo ili dawa ipate nafasi ya kuingia. Na mbao nyingine lazima zifanyiwe kazi zikiwa mbichi. Mtengenezaji wa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo densi yake UNESCO iliiingiza mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hulichimba gogo bichi na kuliacha na kuta nyembamba. Kwa kufanya hivyo anakiondoa kiini, ambacho ndicho chanzo cha nyufa, na ukuta mwembamba hukauka ndani na nje kwa pamoja. Gogo zima lililoachwa likauke kwanza lingepasuka kabla ya patasi ya kwanza. Huo ni uhandisi, na ulikuwepo kabla ya vitabu vya misitu.

Vivyo hivyo mpini wa jembe uliochomekwa juu ya meko ya jikoni. Moshi wa kila siku uliukausha taratibu, joto la pole lilitoa maji ya ndani bila kuipasua ngozi, na bungua hawakuupenda. Ukiondoa thamometa na feni, hicho ndicho kinachofanywa na tanuri la kisasa. Mabibi zetu walikuwa na subira ya mwaka mzima kwa sababu mpini wa akiba ulikuwepo tayari, mwingine ukikauka juu. Maarifa yale yalisimama juu ya akiba, na akiba ndiyo iliyopotea.

Mambo yalizidi kuwa magumu Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Amri ilikuwa ya siku 90 lakini iliongezwa mara kwa mara, hadi Rais Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba inaondolewa, na tangazo lenyewe likapingwa mahakamani. Siwezi kuisema vibaya nia ya kulinda vyanzo vya maji. Lakini kwa suala letu la ukavu, athari yake inaeleweka. Soko likikosa mbao, hakuna ubao unaolala yadini, kwa maana unanunuliwa ungali unatiririka maji. Mashamba yakaanza kuuza miti michanga, na mti mchanga ni tabu mara mbili: sehemu yake kubwa ni ile mbao nyeupe ya pembeni inayopendwa na bungua, na nyuzi zake za karibu na kiini hujisokota zikikauka. Mbao za kutoka Tanzania, Uganda na Kongo zilijaza pengo kiasi, na hizo nazo zina ukavu wa kila namna kutegemea zilikaa wapi njiani.

Ni nini basi kifanyike? Watu hukimbilia kusema tununue tanuri. Mimi ningeanza na banda. Mbao zikipangwa zikiwa zimelala, futi moja na nusu juu ya ardhi, kwenye misingi iliyo sawa, na kati ya tabaka na tabaka kukawekwa fito kavu za inchi moja kila baada ya futi moja na nusu hadi mbili, kazi kubwa imeshafanyika. Fito zipangwe moja juu ya nyingine kwa mstari wima, la sivyo uzito wa rundo wenyewe utazipinda mbao. Juu pawe na mawe au magogo ya kulikandamiza rundo, paa lipite pembeni ili mvua ya upepo isifike, pande ziachwe wazi, na ncha zote zipakwe rangi. Gharama yake ni mabati machache na fito. Kwa kawaida banda la namna hii halizishushi mbao chini sana ya asilimia 14 au 15 kwa hewa ya huku, na kwa mlango wa Butere au dawati la Malava hiyo inatosha.

Anayelenga Nairobi au Turkana atahitaji hatua ya pili, na hapo tanuri la jua linafaa kuliko lile la umeme. Ni nyumba ndogo yenye paa la nailoni ile ya kujengea vibanda vya nyanya, bamba jeusi la kunasa joto, feni mbili tatu na madirisha ya kutolea mvuke. Michoro mingi ya matanuri haya inatoka Marekani, kule jua hutembea upande wa kusini, kwa hiyo paa lao limeinuka sana. Anayeinakili hapa, karibu na ikweta ambako jua hupita utosini, anapoteza joto bure. Paa la kwetu lilale, liwe na mteremko wa kutosha tu kumwaga mvua. Faida yake nyingine ni usiku. Jua likizama tanuri linapoa, unyevu wa ndani ya ubao unapata nafasi ya kusambaa hadi kwenye ngozi, na mkazo unalegea. Kwa mti mkorofi kama mkaratusi mapumziko hayo ya usiku yana thamani kubwa, mradi uwe umeanza kukaukia bandani hadi karibu asilimia 25 au 30. Viwanda vya sukari vya eneo hili navyo huchoma makapi ya miwa kupata mvuke, na joto linalobaki lingeweza kuendesha tanuri kubwa la mbao. Hilo ni jambo la kufikiriwa na watu wenye mitaji mikubwa kuliko ya fundi.

Kupima nako hakuhitaji maabara. Kata kipande katikati ya ubao, mbali na ncha kwa futi mbili, kwa maana ncha hudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni ya gramu, kikaushe katika oveni kwenye joto la nyuzi 103 hadi uzito usibadilike tena, kisha toa uzito wa mwisho kwenye ule wa kwanza na ugawanye kwa ule wa mwisho. Kipande kilichokuwa gramu 230 kikabaki 200 kimetoka kwenye mbao ya asilimia 15. Mita ya kuchomeka sindano ni ya haraka zaidi, ila inataka irekebishwe kwa kila aina ya mti. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo cha mazao ya misitu Karura na ofisi Maseno, na chuo cha Sigalagala kiko hapa hapa Kakamega kikifundisha ufundi. Vipimo hivi vingepaswa kuwa jambo la kawaida kwa kila kijana anayetoka humo.

Lakini banda, tanuri na mita vyote vitalala bila kazi kama ukavu utaendelea kukosa bei. Ndiyo maana naona mtu anayekosekana katika mnyororo huu ni mwenye akiba. Anaweza kuwa chama cha ushirika cha mafundi, au sacco, inayonunua mbao Desemba na Januari, wakulima wanapouza miti kwa ajili ya karo, ikazilaza bandani, ikawauzia wanachama Aprili na kuendelea kwa mkopo mdogo unaolipwa mteja akilipa. Chama kimoja kinaweza kulaza mtaji ambao fundi mmoja hawezi. Kinaweza pia kuuza kwa kipimo cha ukavu, kikaandika kwenye ubao: inchi 11 na nusu, asilimia 15. Mafundi wa chama watazoea, na wateja watawafuata.

Mteja mkubwa naye ana neno lake, na mteja mkubwa kuliko wote ni serikali. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, serikali ya kitaifa ilitenga shilingi bilioni 1.9 za kununua madawati ya shule kutoka kwa mafundi wa jua kali. Miradi ya nyumba za bei nafuu nayo imewapa mafundi hao kazi ya milango. Hizi ni fursa kubwa, na nafurahi zinapofika mikononi mwa mafundi wa mitaani. Ila zabuni kama hizi huja na tarehe ya kukabidhi, na anayepewa kazi leo akabidhi baada ya wiki sita hana njia ila kutumia mbao mbichi, hata awe fundi wa namna gani. Serikali ya kaunti ikitaka viti vya madarasa ya chekechea, inaweza kuandika mambo mawili katika zabuni: unyevu wa mbao usizidi asilimia 15 siku ya kukabidhi, na sehemu ya malipo itolewe mapema, wakati mbao zikiingia bandani, mkaguzi azione zimelala juu ya fito. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Zabuni ikitolewa Septemba na mbao zikipangwa mwanzoni mwa Desemba, kazi ya randa inaanza Machi na viti vinafika madarasani kabla ya Juni.